Kutambua Ganda la Risasi la Karne ya 19

Kwanza tazama mdomo. Kichwa cha risasi kikiwa bado kimo, usiguse: waite polisi. Fataki (kiwashio kidogo katikati ya kitako) iliyobonyea si dalili ya usalama, maana huenda pini iligonga na baruti isiwake. Na baruti nyeusi haizeeki. Iliyolowa ikikauka huweza kuwaka tena.

Ganda likiwa tupu, chukua kalipa (kifaa cha kupimia upana) upime upana wa kitako, kisha urefu. Anza na kitako, kwa sababu mdomo hupasuka au kupondeka, na urefu pekee hudanganya: maganda ya bunduki za Martini-Henry, Gras na Mauser ya 1871 yote yana takriban milimita 59 hadi 60. Kitako cha Martini ni 19, cha Gras ya Wafaransa 17, cha Mauser 15. Snider (1866) nayo ina 19, lakini ni fupi, 51, na haina mabega (pale ganda linapopungua kuelekea mdomoni). Kitako kikiwa chini kidogo ya 14 na urefu 56, hiyo ni .303 ya Waingereza (kipenyo kwa inchi), iliyoanza 1888. Kutu hula ukingo, kwa hiyo ruhusu nusu milimita.

Martini za mwanzo hazikuwa na ganda la kipande kimoja, bali bati jembamba la shaba njano lililoviringwa juu ya kitako cha chuma. Bunduki ikipata moto na vumbi, kama huko Sudan 1884 na 1885, bati liling'ang'ania ndani na kitako kikang'oka. Kwenye udongo wa chumvi wa pwani chuma huliwa kwanza, basi ukiokota vipande vya bati lililojikunja usivitupe.

Herufi C kwenye kitako huwachanganya wengi. Kwenye Martini ni karabini, yaani bunduki fupi: risasi ya gramu 26.6 na baruti 4.5, badala ya 31 na 5.5 za bunduki ndefu, ili bunduki nyepesi isimuumize bega mpigaji. Kwenye .303, C ni kordaiti, baruti isiyo na moshi mwingi.

Usisugue kwa ndimu wala ukwaju kama sinia ya nyumbani! Asidi huondoa zinki, shaba ikabaki ya waridi na maandishi yakafifia. Dawa za kung'arishia zenye amonia huipasua. Brashi laini na maji safi yanatosha. Kausha vizuri, kisha mulika tochi kwa ubavu usome herufi. Ukilichimbua kutoka ardhini, lipeleke makumbusho ya Fort Jesus kabla ya kulisafisha, pamoja na maelezo ya mahali na kina.