Ganzi ya Saa Nyingi: Meza Dawa Kabla Haijaachia

Mvuvi mmoja wa Mwamgongo alifanyiwa upasuaji wa ngiri kwa ganzi ya kuchomwa palepale kwenye kinena. Nilimchoma mwenyewe, saa 3 asubuhi. Saa 8 mchana alikuwa Kibirizi anapanda boti, anatembea bila kushikwa, anazungumza na watu. Saa 10, boti ikiwa mkabala na Gombe, ganzi ikaachia. Vidonge vyake vya maumivu vilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini ya magunia ya unga ya abiria wengine. Kila wimbi lililopiga boti lilipiga na kidonda chake.

Aliporudi kutolewa nyuzi nilimwuliza kwa nini hakumeza mapema. Akanijibu, "Mwanangu, nilikuwa siumwi. Ningemeza dawa ya nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo, na jibu nilipaswa kumpa kabla hajashuka kitandani. Nafanya kazi ya usingizi na ganzi hapa Kigoma, na tangu siku ile hakuna mgonjwa wangu anayeondoka bila kuelezwa haya.

Jua kwanza umechomwa ganzi gani. Zinazotumika sana ni mbili. Lignokaini, anayoijua kila aliyewahi kung'olewa jino, hushika ndani ya dakika chache na mara nyingi huachia baada ya saa 1 au 2. Bupivakaini hukawia kushika, pengine dakika 10 au zaidi, lakini ikichomwa kuzunguka kidonda hukaa saa 4 hadi 8. Ikichomwa kando ya mishipa mikubwa ya fahamu, kama ile ya mkono, inaweza kukupeleka mpaka usiku. Zote mbili huziba vijilango ambavyo madini ya sodiamu hupitia kuingia kwenye mshipa wa fahamu, habari ya maumivu ikakwama njiani. Ila bupivakaini hupenda mafuta na hushikamana sana na protini, kwa hiyo haibanduki upesi. Kina mama wa Ujiji mimi huwaeleza kwa mfano wa kanga: tone la maji ya matope utalifua likatoka, lakini tone la mawese utahangaika nalo.

Kushikamana huko ndiko kunakotufaa, na ndiko kunakotutia hofu. Dawa ikiingia kwa wingi kwenye damu, hushikamana na moyo vilevile. Ndiyo sababu nakupandisha kwenye mzani, na nakuomba usinitajie uzito wa kukisia. Kiwango ninachofuata kwa bupivakaini isiyochanganywa na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu) ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ukomo wake ni miligramu 120, yaani mililita 24 za dawa ya asilimia 0.5, yenye miligramu 5 kwa kila mililita. Mama wa kilo 45 ukomo wake ni mililita 18. Akiniambia "andika sitini tu, mwanangu, tuendelee", anaweza kupata mililita 6 zaidi ya anazostahili. Nitajie pia ugonjwa wa moyo au ini, dawa unazotumia, na kama sindano ya ganzi iliwahi kukuletea shida popote, hata kwa daktari wa meno.

Ukiwa kwenye meza ya upasuaji utahisi kuguswa na kuvutwa. Hilo ni la kawaida. Ukihisi kuchomwa au kukatwa, sema tukuongezee, kama bado hujafika ukomo wako. Lakini kuna dalili nyingine ambazo nakusihi usizivumilie hata dakika moja: ladha ya chuma mdomoni, midomo na ulimi kufa ganzi ilhali umechomwa kinena, masikio kuvuma, kizunguzungu, kuanza kuongea ovyo. Wazee wetu wana adabu, wengi hunyamaza ili wasimsumbue daktari. Mzee wangu, sumbua. Tukijua mapema tunaacha kuchoma, tunakupa oksijeni, na ipo tiba ya mafuta meupe ya asilimia 20 yanayotiwa kwenye mshipa wa damu kusaidia kuitoa dawa kwenye moyo. Tiba hiyo ilianzia kwenye majaribio ya panya ya daktari Guy Weinberg wa Marekani, yaliyochapishwa 1998. Kabla ya upasuaji una haki ya kuuliza kama mafuta hayo yapo karibu.

Sasa lile la yule mvuvi. Uliza umechomwa saa ngapi, na uandike. Ukichomwa saa 3 asubuhi, ganzi inaweza kuachia mapema kama saa 7 mchana. Paracetamoli ya kumeza huhitaji nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Kwa hiyo meza saa 6, ukiwa huumwi kabisa. Mtu mzima wa kilo 50 na zaidi ni vidonge 2 vya miligramu 500, kisha 2 tena kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Kama ulishapewa paracetamoli chumba cha upasuaji, hesabu ianzie pale. Ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, meza tu kama umeandikiwa, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba aseme kwanza. Vidonge viweke mfuko wa shati au fundo la kanga, visikae ndani ya mzigo. Usiku wa kwanza mwombe ndugu akuamshe umeze, maana ukilala dozi ikapita utaamshwa na kidonda.

Sehemu iliyokufa ganzi haijui moto. Mkono ufungwe kwa kitambaa shingoni na ukae mbali na jiko la mkaa. Kama ni mguu, usiukanyagie bila kushikwa, na pikipiki usiendeshe. Mtoto aliyechomwa mdomoni asile mpaka ganzi iishe, asije akautafuna mdomo wake.

Ganzi ya mgongo ina hesabu yake: miguu hurudi baada ya saa chache, na maumivu hurudi nayo, kwa hiyo vidonge visicheleweshwe.

Marekani, tangu 2011, wana bupivakaini iliyofungwa kwenye vijipovu vya mafuta ili itoke polepole kwa siku mbili tatu. Wagonjwa wameanza kuniuliza kuhusu dawa hiyo. Ni ghali sana, na tafiti nyingi zilizoilinganisha na bupivakaini ya kawaida zimeona tofauti ndogo. Mimi fedha hiyo ningeitumia kwenye mizani na vidonge.

Kama kwenu ni vijiji vya ziwani na una ndugu hapa mjini, Kibirizi au Mwanga, lala kwake usiku wa kwanza. Damu ikilowesha bandeji, kinena kikivimba haraka, mkojo ukigoma, homa ikipanda, au kesho yake ukakuta mguu bado umelegea, rudi hospitali saa hiyohiyo, na uje na ile karatasi yenye saa uliyochomwa.