Namna ya kuliwekea bati kivuli

Januari hadi Machi hapa Moshi, aliyelala chumba cha bati kisicho na dari hahitaji kuelezwa joto ni nini. Wateja wangu wa Pasua na Majengo huniuliza wanunue feni gani. Nawaambia waanze juu: tuko karibu na ikweta, jua la mchana hupiga paa karibu wima, kuta hupata la asubuhi na jioni tu.

Nunua neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ya asilimia 70 au 80. Maduka ya pembejeo wanayo. Usiilaze juu ya bati! Ikigusa, joto lake linashuka moja kwa moja. Acha sentimita 30 hivi, upepo upite katikati na kuondoka na joto.

Simamisha mirunda imara nje ya kuta, vuta waya toka upande huu hadi ule, ndipo ushone neti kwenye waya. Nyumba ikiwa pana utahitaji nguzo fupi za katikati. Hapo toboa mgongo wa bati, kamwe si bonde linalopitisha maji, na weka raba chini ya skrubu. Kingo za neti zikunje mara mbili, maana upepo huanza kuchana pembeni.

Hela haitoshi? Paka bati rangi nyeupe; vumbi likiifunika, panda uoshe. Pesheni nayo hufunika vizuri, kwa mwenye subira na maji.

Masika yakikaribia, kaza waya upya.