Umeandikiwa dawa za sonona? Zimeze hivi

Wengi hapa Mwanza wakiandikiwa dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) wanazimeza kama Panadol, yani leo umeze kesho uamke fresh, wiki ikipita hamna kitu wanazitupa kabatini. Hizi haziendi hivyo.

Seli za ubongo zinapeana taarifa kwa kemikali, mojawapo serotonini. Seli ikishaitoa huwa inaivuta tena ndani, sasa dawa kama fluoksetini au setralini inazuia huo uvutaji, serotonini inakaa nje muda mrefu zaidi. Hilo linatokea ndani ya masaa tu ila nafuu haiji siku hiyo, maana ubongo wenyewe lazima ujipange upya taratibu (zile habari za "una upungufu wa serotonini" ni kurahisisha mno). Hesabu wiki 2 mpaka 4 kuanza kuona unafuu, na 6 mpaka 8 ndo ujue kama dawa imekukubali.

Tabu ni kwamba maudhi yanatangulia nafuu: kichefuchefu, kichwa, usingizi kukata. Mengi yanapungua ndani ya wiki 2 hivi, we meza na chakula. Hamu ya tendo ikishuka hiyo inaweza kung'ang'ania, usione aibu mwambie daktari, dawa zipo nyingine. Fluoksetini meza asubuhi. Amitriptilini ni ya zamani zaidi, inalaza na kukausha mdomo, ndo maana wanasema usiku. Lakini kama wewe ni mvuvi wa dagaa usiku ndo uko ziwani na karabai, ukiimeza jioni utasinzia juu ya mtumbwi, kwa hiyo mweleze daktari ratiba yako akupangie umeze ukirudi kulala. Na pombe acha, inazidisha kusinzia alafu sonona yenyewe inairudisha. Tramadoli (dawa kali ya maumivu) pia usichanganye kimya kimya bila daktari kujua.

La kutofanyia mzaha: wiki za mwanzo, hasa chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Ndugu mmoja ajue unatumia, vidonge akae navyo yeye maana amitriptilini nyingi kwa mpigo inaua, na mawazo hayo yakija nenda hospitali hapohapo, Bugando kuna wataalamu wa magonjwa ya akili. Ukiona ghafla hulali, unaongea mfululizo na una nguvu za ajabu, rudi pia, huenda siyo sonona ya kawaida.

Wanaosema utakuwa teja wanachanganya na diazepamu (Valium, dawa ya kutuliza na kulaza). Hizi hazikupi arosto ya kuzitafuta, ila ukikata ghafla utapata kizunguzungu na kama vishoti kichwani, kwa hiyo zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Hata ukijisikia mzima endelea walau miezi 6. Na kama unaenda Ukerewe au kambi za visiwani, chukua dozi ya safari nzima kabla hujapanda boti, usitegemee kuikuta duka la dawa la huko.