Mtoto anaenda kufanyiwa oparesheni ya mgongo? Uliza hivi kuhusu eksirei

Kama mwanao mgongo umepinda na mmeambiwa mtoke Malindi mwende Mombasa ama Nairobi kwa daktari wa mgongo, kabla hata hujatafuta nauli kusanya picha zake zote. Filamu, sidii, karatasi za ripoti, zote bahasha moja na tarehe juu yake, manake mara nyingi mtoto anapigwa tena eksirei ileile huko aendako kwa sababu tu ya kwanza imebaki kabatini nyumbani, na kila ikirudiwa ni mionzi mingine mwilini. Watu wa Lamu tieni kwenye plastiki kwanza, boti ya Mokowe ikirusha maji ya chumvi hiyo filamu imekwisha.

Mionzi inaweza kuleta kansa, na mtoto bado anakua, seli zake zinagawanyika mbio, halafu ana miaka mingi mbele yake ya kansa kujitokeza. Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliotibiwa mgongo uliopinda kati ya 1912 na 1965, kila mmoja alipigwa picha kama 25 hivi kwa wastani, na waliokufa kwa kansa ya matiti walizidi matarajio kwa karibu asilimia 70. Mashine za zamani zilitoa mionzi mingi kuliko za sasa, kwa hivyo usipaniki, lakini ndio maana siku hizi picha ya mgongo mzima inafaa ipigwe kutoka nyuma, yaani kifua kielekee ubao na mgongo uelekee kule mionzi inakotokea, matiti yapate kidogo. Mwambie tu mpiga picha, "Samahani daktari, huyu anaweza kupigwa kutoka nyuma?" Si kumkosea adabu hata kidogo.

Ila jamani msikatae picha inayohitajika! Bila hiyo pembe ya mpindo haipimiki, na ni pembe hiyo ikifika kama digrii 45 au 50 ndio oparesheni inaanza kuzungumzwa. MRI, ile picha ya kutumia sumaku, haina mionzi kabisa, ukiambiwa afanyiwe usiwe na wasiwasi nayo. Siti skani, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ndio ya kuuliza: itabadilisha nini kwenye mpango wa oparesheni? Kama ni lazima bas ifanywe, lakini ipige sehemu inayotakiwa peke yake na mashine ipangwe kwa mwili wa mtoto, isiachwe na seti ya mtu mzima.

Sasa theatre, na hapa ndio wazazi wengi hatuulizi kitu. Skrubu za kushika vyuma vya kunyoosha mgongo zinapita kwenye mfupa mwembamba uliopakana na ile kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, ikikosea kidogo inaweza kugusa neva au mshipa mkubwa wa damu, kwa hivyo daktari lazima ajue iko wapi. Wengine wanafuata alama za mfupa na kuhakikisha kwa picha chache za ile mashine yenye mkono kama herufi C, wengine wana siti skani humohumo theatre na kompyuta inawaonyesha njia. Hii ya kompyuta inasaidia skrubu kukaa sawa, hasa mgongo ukiwa umepinda vibaya, lakini mtoto anaweza kupata mionzi mara kadhaa zaidi huku madaktari wakiwa wametoka nje wakati wa skani. Kwa maoni yangu usichague mashine kwa upya wake. Muulize daktari, "Wewe umezoea ipi, na mnapunguzaje dozi ya mionzi kwa mtoto?" Aliyezoea kazi yake atakujibu bila kukasirika, skani ipigwe mara chache, ya dozi ya chini, ikilenga zile pingili tu.

Mkitoka, omba kipimo cha mionzi ya theatre kiandikwe kwenye karatasi za kuruhusiwa, mashine nyingi huwa zinakionyesha. Kiingie bahasha ileile. Na kila kliniki ya kurudi, kabla hamjatumwa eksirei, uliza kama ya leo inahitajika kweli au ile ya juzi inatosha.