Namna ninavyotunza tumbo la dau langu

Dau langu hulipandisha ufukweni Nungwi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapojaa hadi juu. Yakitoka tu, nalitegemeza kwa magogo pande zote na kukwangua mwani na magamba papo hapo. Magamba yakikauka, yanashika kama saruji.

Kisha moto, na hapa usiwe na haraka. Washa makuti makavu, upitishe ndimi zake chini ya mbao, kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele, bila kusimama. Ubao ukitoa jasho, sogea. Ukianza kuwa mweusi, umechelewa. Joto hilo huua wadudu wanaotoboa mbao, ambao wewe huwaoni ila vitundu vyao.

Likipoa, pitisha ukucha kwenye kila mwungano. Panapozama, toa pamba ya zamani yote, hata ile inayoonekana nzima. Sokota pamba mpya, ichovye mafuta ya nazi, uishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sikiliza: mlio wa uwazi ukigeuka kuwa mzito, pametosha. Ukizidisha utapasua ubao. Kazi hii ya kalafati naipenda kuliko zote, na simwachii mtoto.

Juu napaka sifa, mafuta ya papa. Harufu yake utaizoea. Chini, deheni: chokaa na shahamu, nakanda na kupaka kwa kiganja.

Halafu nalirudisha majini. Siku ya kwanza litavuja kidogo, mpaka mbao zivimbe na kuibana pamba.