Kabla hujamchagua mbwa wa kituoni

Ukienda kuchukua mbwa aliyeokotwa mtaani, kwa mfano pale KSPCA, kituo cha kuhifadhi wanyama kilichoko Karen, Nairobi, usimpime akiwa ndani ya kizimba. Kelele za wenzake humtia hofu hata aliye mpole kabisa. Omba atolewe kwa kamba, tembea naye pembeni, kisha chuchumaa uone kama atakusogelea mwenyewe. Dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kinga ya chanjo ya kwanza huhesabika siku 28 baada ya kuchanjwa. Nyumbani, mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, huko ndiko wanakojificha. Na tafadhali, wiki za mwanzo asitoke getini bila kamba: akishtuka atatoka mbio, na njia ya kurudi kwako bado haijui.