Vitanzi Vinavyoongezeka na Vinavyoponyoka: Mwongozo kwa Anayeanza Kufuma

Bukavu imekaa kwenye vilima vinavyolizunguka Ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta ya mtoto mchanga haikosi mvaaji hapa mjini, na wengi wetu tumejifunzia kufuma kwenye sweta hiyohiyo. Yangu ya kwanza nilianza na vitanzi 40, na nilipofika safu ya ishirini nikahesabu 46. Kazi ilikuwa imepanuka kuelekea juu kama kikapu.

Kosa hilo huanzia pembeni. Unapogeuza kazi ili uanze safu mpya, uzi ukipita juu ya sindano kwenda nyuma, huvuta kitanzi cha kwanza mpaka miguu yake miwili, yaani pande mbili za uzi zinazoikumbatia sindano, ionekane kama vitanzi viwili, nawe utavifuma vyote bila kushuku. Kabla ya kitanzi cha kwanza, vuta uzi chini, kisha uupitishe chini ya sindano kwenda nyuma. Hesabu vitanzi kila unapomaliza safu. Inachosha, lakini kufumua safu kumi kunachosha zaidi.

Kitanzi kikiponyoka, usivute kazi wala usiitupe. Kibane kwa pini, kisha uitazame kazi upande wake laini: juu ya kitanzi hicho utaona nyuzi zilizolala kama vidato vya ngazi, kila kidato kikiwa ni safu moja. Ingiza kroshia, ile sindano yenye ndoano nchani, ndani ya kitanzi kutoka mbele, nasa kidato cha chini kabisa, ukivute kipite katikati ya kitanzi, na uendelee hivyo hadi juu bila kuruka hata kimoja. Unapokirudisha kwenye sindano ya kushoto, mguu wake wa kulia ukae mbele, la sivyo utakapokifuma kitajisokota na kuacha alama iliyobana.

Wanaokaza uzi mno mara nyingi hufumia kwenye ncha ya sindano, mahali ilipo nyembamba. Sukuma sindano hadi kitanzi kikae kwenye unene wake kamili ndipo uvute uzi. Spoku za baiskeli, ambazo baadhi yetu tulianza nazo, ni nyembamba mno kwa uzi mnene na zitakukatisha tamaa bure.

Kabla ya kuanza sweta yenyewe, fuma kipande cha majaribio kinachozidi kidogo sentimita 10 kila upande, ukifue, kikauke, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Ikiwa ulikusudia 20 ukapata 22, vitanzi 100 ambavyo vingekupa upana wa sentimita 50 vitakupa 45 na ushei, na sweta haitafungika kifuani.

Uzi nao ununue wote siku moja, ukilinganisha namba ya mkupuo wa kutia rangi kwenye karatasi ya kila bonge, kwa sababu nyekundu ya mwezi huu na ile ya mwezi ujao huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana waziwazi pale mkono unapoungana na bega.